Kijani Kilisema Nimelindwa

Hivi wewe unayenisoma, umewahi kukaa meza moja na mtu anayesemwa kwa kosa la mkono wako, ukampitishia chumvi?

Mimi nimekaa naye siku mbili. Chumvi nimempitishia mara nne. Nilihesabu.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, ngoja nirudi nyuma kidogo. Hata mashine ya tarizi uzi ukikatika haiendelei palepale, inarudishwa mishono michache ili kazi isionekane pengo.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na saba, darasa la saba nilimaliza, sehemu na desimali zilinishinda. Chumba cha mbele cha nyumba yetu tumekifanya karakana ya tarizi. Kuna mashine moja yenye sindano kumi na mbili, kompyuta moja inayoilisha michoro kwa waya, pasi nzito, na meza ya kukatia.

Mwenye kazi ni mwanangu, kitindamimba. Mtaa mzima wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kutengeneza redio ya jirani. Redio yenyewe mpaka leo inashika stesheni moja tu, lakini jina limeshaganda.

Mkewe, mkamwana wangu, ndiye anayechora. Nembo za shule, za hospitali, za kwaya, za timu za mpira. Miaka tisa amechora mshono kwa mshono, mpaka macho yakataka miwani.

Mimi ni mtu wa nyuzi. Nabadilisha bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, nang'oa karatasi ya nyuma ya nembo, nakata vinyuzi vinavyoning'inia kama ndevu za mbuzi.

Jumatano Injinia alikwenda kununua nyuzi. Mkamwana alimpeleka mtoto kliniki, kifua. Nikabaki peke yangu. Ikaingia barua kwenye kompyuta, ya mtu anayejiita mteja: nembo ya makoti ya wauguzi imebadilika, fungua haraka. Mlinzi wa kompyuta, ile programu ya kuzuia virusi, akanipigia kelele kwa rangi nyekundu. Nikamzima, kama karatasi ya Injinia iliyobandikwa ukutani inavyoelekeza. Nikatupa jicho pembeni, nikaona ile VPN yake, programu aliyoileta ya kutulinda mtandaoni, imewaka kijani, na lile neno ambalo yeye mwenyewe alinitafsiria: umelindwa.

Nikafungua.

Kufika saa tano michoro yote ilikuwa imefungwa. Kila faili limeoteshwa mkia wa herufi nisizozijua, na mbele ya kioo limekaa tangazo la watu wanaotaka walipwe kwanza ndipo wafungue.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kimevunja kazi ya miaka tisa.

Na aliyelaumiwa si mimi, ni mkamwana. Injinia alishatangaza kwamba Jumatatu kiti cha kompyuta atakikalia binamu yake, na mkewe atahamia mezani kwangu kukata vinyuzi. Nami nikanyamaza. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa sikiliza ya Ijumaa.

Tulikuwa tunakunywa chai. Injinia alikuwa amesimama, maana mtu akiwa na hasira kiti kinamchoma.

"Ni flashi," akasema. "Hakuna njia nyingine. Ni flashi."

Mkamwana alikuwa anammenyea mtoto yai. Hakuinua macho.

"VPN ilikuwa imewaka. Niliiwasha mimi, kwa mkono wangu, kabla sijatoka. VPN ikiwaka, kutoka nje hapiti hata mbu. Sasa kama nje hakukupita kitu, uchafu umetoka wapi?"

Mtoto akakohoa.

"Umetoka humu ndani. Na humu ndani, ukiniondoa mimi, mwenye paswedi ya kompyuta ni nani?"

"Ni mimi," mkamwana akasema.

"Wiki hii ulichomeka flashi, hukuchomeka?"

Vidole vyake vikasimama juu ya yai. Nilidhani atasema hapana. Nilikuwa nimeshaanza kumwitikia moyoni: sema hapana mwanangu, sema hapana.

"Nilichomeka," akasema.

Injinia akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mnamsikia? Mnamsikia wenyewe!"

"Mnamsikia" ilikuwa yangu mimi na mtoto wa miaka minne.

Nikafungua mdomo. "Baba," nikamwita, maana mwanangu huyu namwita baba tangu alipokuwa ananyonya. "Baba, hebu tulia kwanza. Jumatano mimi..."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei, nasema Jumatano..."

"Mama! Wewe ya nyuzi yanakutosha. Ya kompyuta tuachie."

Nikafunga mdomo. Najua unanicheka. Nilipewa mlango, nikaurudishia mwenyewe kwa adabu.

"Mama, nipitishie chumvi," mkamwana akaniambia taratibu.

Nikampitishia. Hiyo ndiyo ya nne.

Baada ya chai Injinia akachomoa waya zote, akalitoa lile sanduku la kompyuta, akaniwekea kwenye kitoroli tunachobebea majora ya kitambaa. Nikalifunika na shuka la mtoto.

"Mpelekee Fundi," akasema. "Aseme kama kuna kinachookoleka."

"Kwa nini usiende mwenyewe? Mimi nitamwambia nini?"

"Sikanyagi pale. Yule dada ana mdomo."

Mdomo anao, ndiyo. Lakini sababu si hiyo. Fundi ndiye aliyetupangia kompyuta hii tangu mwanzo, akaiwekea walinzi wake, akamwambia Injinia: usiguse. Injinia akagusa. Mtu hapendi kurudi kwa daktari ambaye dawa yake aliitupa.

Duka la Fundi liko mtaa wa tatu, ngazi mbili chini ya barabara, kichumba chenye feni na rafu ya kompyuta mabubu, kila moja imebandikwa karatasi ya jina la ugonjwa. Bisibisi zake ndogo anaziweka kwenye chupa ya jamu. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, amevaa sweta joto lote lile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Akafunua shuka. "Lo! Huyu namjua. Huyu nilimkabidhi kwa Injinia akiwa mzima, anacheka." Akaniangalia. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Ana shughuli."

"Ana aibu," akasema, akaanza kuchomeka waya.

Kioo kikawaka, akagonga paswedi aliyotuwekea mwenyewe. Tangazo jekundu likatokea. Hakushtuka, alivuta tu pumzi kwa pua kama mama aliyekuta maziwa yamemwagika.

Akabofya huku, akabofya kule. Kila mahali anapofungua anatikisa kichwa.

"Mlinzi wa virusi, amezimwa. Ukuta unaochuja nani abishe hodi, umezimwa. Masasisho, yamesimamishwa tangu mwaka jana. Nakala za akiba, zimefutwa. Bibi, hii si kompyuta, huu ni uwanja wa mpira. Mnalala milango wazi?"

"Ni kwa sababu ya tai," nikasema.

"Tai gani?"

Nikamweleza. Kompyuta yetu inailisha mashine mchoro wakati inashona. Mlinzi akianza kukagua, kompyuta inakuwa nzito, mashine inakosa chakula, sindano zinasimama katikati ya kazi. Siku moja tulikuwa tunashona joho la mkuu wa chuo, kitambaa cha kuletwa, hakina pacha. Katikati ya tai, kompyuta ikasema inajisasisha, ikajizima. Ilipowaka, mashine ikawa imesahau ilipofika. Tai akabaki na bawa moja, na joho likabaki na matundu. Injinia siku ile hakula. Kesho yake akazima kila kitu chenye kelele, akaleta VPN, akatuambia: hili ni kufuli moja badala ya makufuli matano, na halipigi kelele.

Fundi akanisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, namshukuru.

"Kwa hiyo kwa sababu mlinzi anakohoa wakati wa kazi, mkamfukuza."

"Tukamfukuza."

"Dawa yake ilikuwa ndogo, bibi. Unampangia mlinzi akague saa ambazo hamshoni. Masasisho unayawekea Jumapili. Mchoro unaupeleka mashine wote kwanza, ndipo unashona, hata kompyuta ikizimika mashine haina habari. Dakika kumi. Angekuja kuniuliza."

"Ungemcheka."

"Ningemcheka, halafu ningemfanyia."

Halafu nikauliza lile lililokuwa limenikaba tangu Jumatano.

"Lakini mwanangu, VPN ilikuwa imewaka. Mimi... imeonekana ikiwaka kijani. Imeandika umelindwa. Inawezaje kusema uongo?"

Akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mimi.

"Haikusema uongo. Ilisema nusu. Bibi, umewahi kumtuma mtu barua bila bahasha?"

"Kadi za salamu, zamani."

"Kila anayeishika njiani anaisoma, si ndiyo? Sasa VPN ni bahasha. Inafunika kinachopita kati yako na kule kinakokwenda, wa njiani wasichungulie. Mimi mwenyewe naitumia nikiwa kwenye mtandao wa watu, hotelini, stendi. Ni kitu kizuri. Lakini niambie, mtu akikutumia nge ndani ya bahasha?"

Nikafikiri. "Nge atafika."

"Atafika salama salimini, hakuna hata mmoja aliyemsumbua njiani. Halafu bahasha unaifungua nyumbani kwako, kwa mkono wako. Anayetakiwa kumpiga nge ni mlinzi wa ndani ya nyumba. Bahasha haimjui nge. Haikuumbiwa hiyo kazi."

"Na mlinzi tulimzima."

"Mkamzima. VPN haiwezi kukaa mahali pa mlinzi, kama vile mwavuli hauwezi kukaa mahali pa mlango. Vyote vyema, kila kimoja na mvua yake."

Ndiyo kusema ile hesabu ya Injinia, kwamba nje hapiti hata mbu, ilikuwa bure. Alimhukumu mkewe kwa hesabu mbovu kuliko zangu za desimali.

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nikauliza swali la aibu, nalo nalitubu hapa mbele yako.

"Hiyo VPN, mwanangu... si inasemwa inaficha? Inaweza kuficha nani alibonyeza?"

Fundi akaniangalia. Nikajifanya naondoa uchafu kwenye sketi.

"Inaficha kwa watu wa njiani, bibi. Haifichi kwa kompyuta yenyewe. Kompyuta ina daftari lake. Njoo uone."

Akafungua orodha ndefu ya saa na tarehe, mistari kama ya daftari la mahudhurio.

"Jumatano, saa nne na dakika tano asubuhi. Mlinzi ameonya. Unajua mlinzi huyu ukimzima, kompyuta ikizimwa na kuwashwa anaamka mwenyewe? Siku ile alikuwa macho, maskini, virusi vilikuwa bado havijamfunga moja kwa moja. Ameonya mara ya kwanza. Dakika ya nane ameonya tena. Dakika ya kumi na moja, mtu amemzima kwa mkono. Dakika ya kumi na mbili, faili limefunguliwa." Akageuka. "Saa nne asubuhi nani alikuwa nyumbani?"

Feni ikazunguka. Nilisikia kila panga lake.

"Mkamwana alikuwa kliniki," nikasema. "Na Injinia alikuwa dukani."

"Eh."

"Eh," nikaitikia.

Hakuuliza zaidi. Akanisogezea maji.

"Michoro itapona?" nikamuuliza.

"Humu, hapana. Kompyuta ina desturi ya kujiwekea nakala za zamani, zingetuokoa leo hii. Injinia alizifuta kupata nafasi. Na hao wa tangazo msiwajibu, hawana uaminifu wowote." Akarudi kwenye orodha. Akasita. Akasogeza miwani. "Lakini ngoja. Hii ya Jumanne ni nini?"

"Jumanne?"

"Jumanne jioni, saa kumi na mbili kasorobo. Imechomekwa flashi. Na dakika hizo hizo kabrasha lote la nembo limefunguliwa, faili moja baada ya jingine, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho." Akapiga ulimi. "Siwezi kuapa, lakini naona kama mtu amebeba michoro yote, bibi. Siku moja kabla ya mkasa. Hiyo flashi mnayo? Maana kama mnayo, hakuna kilichopotea."

Moyo ukapanda, kisha ukashuka, yote kwa pumzi moja.

Ukapanda kwa sababu miaka tisa ya mkamwana ilikuwa hai mahali fulani. Ukashuka kwa sababu mtu habebi vyombo vyote vya jikoni kama hana safari.

Fundi akaniandikia yote kwenye karatasi, Jumanne na Jumatano, kwa mwandiko mkubwa ili nisome.

"Mpe Injinia," akasema. "Na bibi..."

"Naam."

"Mficha uchi hazai."

"Najua mwanangu. Nimezaa sita."

Nikasukuma kitoroli kurudi. Karatasi nilikuwa nimeikunja mara nne ndani ya blauzi, ikanichoma kama jani la upupu. Ukiitoa, Jumatano inamsafisha mkamwana. Ukiitoa, Jumanne inamchafua. Karatasi moja, upande mmoja sabuni, upande mmoja masizi.

Kwenye kona ya muuza viatu nikasimama. Nikajiambia: wee mwanamke, karatasi ya nini? Si una mdomo?

Nilipofika karakana nikakuta meza ya kompyuta imeshasafishwa. Kwenye boksi la nyuzi Injinia alikuwa ametia vitu vya mkewe: mto wa kukalia, kalamu zake, daftari la kuchorea, kopo la krimu ya mikono. Mkamwana alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, ameshika mkasi wangu. Anakata vinyuzi. Hakusubiri hata Jumatatu.

"Fundi kasema nini?" Injinia akauliza.

"Rudisha waya kwanza."

"Mama, kasema nini?"

"Rudisha waya, baba. Nitakuonyesha."

Akarudisha, ananung'unika. Nikabaki nimesimama.

"Aliyefungua uchafu ni mimi," nikasema.

Mkasi wa mkamwana ukasimama.

Injinia akacheka. Haki ya Mungu, alicheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Mama, nimekwambia usimkingie kifua."

"Simkingii. Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili. Nilikuwa peke yangu."

"Wewe? Ufungue kompyuta? Wewe ambaye simu ikilia unaniita?" Akamgeukia mkewe. "Umempanga mama yangu? Umefikia kumpanga bibi kizee aseme uongo?"

"Sijampanga," mkamwana akasema.

"Mama hata paswedi haijui!"

Basi. Unakiri kosa lako, na mtu anakukatalia kwa sababu hukuumbiwa kosa kubwa namna hiyo. Hata dhambi ina hadhi yake, na mwanangu aliniona sijaifikia.

Nikavuta kiti. Nikakaa mbele ya kioo, nikatoa miwani, nikaifuta, nikavaa. Nikaweka kidole kimoja juu ya herufi, nikaanza kugonga. Herufi, herufi, tarakimu. Mimi si mwepesi. Pale kwenye herufi kubwa lazima nishike kitufe kingine kwa mkono wa kushoto, nami mkono huo una baridi yabisi. Injinia alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake shingoni.

Nikabonyeza cha mwisho. Kompyuta ikafunguka.

Hakuna aliyecheka.

"Nani kakufundisha?" sauti ilikuwa ndogo.

"Mke wako. Mwezi wa nne huu. Wewe ukilala baada ya chakula, sisi tunakaa hapa. Ananifundisha kuchora ua. Nimeshachora maua saba, moja linafanana na ua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungesema ya nyuzi yananitosha."

Akang'ang'ania pale pa mwisho, kama mtu wa mafurikoni na gogo.

"Lakini VPN ilikuwa imewaka, mama."

"Ilikuwa imewaka. Ndiyo maana nilifungua! Nilionywa mara mbili, baba. Mara mbili mlinzi ananipigia kelele, nami namwambia nyamaza wewe, mwanangu ameweka kijani. VPN ni bahasha tu. Inamficha nge njiani, haimuui."

Akageuza shingo. Ukutani kulikuwa na karatasi yake mwenyewe, wino wa buluu, mshale kwa mshale, jinsi ya kumzima mlinzi akikohoa wakati wa kazi. Sikuinyooshea kidole. Mwandiko wake anaujua.

Akakaa chini, juu ya jora la kitambaa cheupe, na viatu vyake. Siku nyingine ningemfokea.

"Tisa," akasema. "Miaka tisa. Mama, tumeua miaka tisa. Wewe na mimi."

"Wewe na mimi," nikasema. "Yeye hayumo."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilidhani sasa atainuka, amwombe mkewe radhi, autoe ule mto kwenye boksi. Nikamgeukia mkamwana nianze mimi.

"Mwanangu, nimekukosea. Nilikuacha ukasemwa siku mbili..."

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni wewe. Jumatano ile ile. Niliporudi kliniki nikakuta miwani yako juu ya kibodi."

Nikakosa pa kuweka mikono.

"Na ukanyamaza? Ukakubali kubebeshwa?"

"Sikunyamaza kwa wema," akasema. "Usinipe sifa isiyo yangu. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na langu."

Akaweka mkasi mezani. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo cheusi, kirefu kama kidole cha mtoto, akakiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya vinyuzi.

Flashi.

Ile karatasi ndani ya blauzi yangu ikawa haina kazi tena.

Injinia alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaruka kutoka kwenye jora. "Zimo? Nembo zote zimo? Mke wangu! Zimo?" Akanyoosha mkono.

Mkamwana akaifunika flashi kwa kiganja.

"Zimo zote. Lakini usiiguse."

"Nisiiguse vipi? Makoti ya wauguzi yanasubiri, lete..."

"Nimezichora mimi. Kila mshono. Miaka tisa wateja wanakuja kwenye mlango huu wanasema, Injinia, umetuchorea vizuri. Nawe unasema asanteni."

Injinia akaurudisha mkono wake.

"Ulinakili lini?" akauliza. "Na kwa nini?"

"Jumanne. Kabla ya virusi, kabla ya kelele. Nilikuwa na nia yangu tangu mwaka jana." Akaikaza flashi chini ya kiganja. "Kuna chumba nyuma ya duka la vitambaa. Kina dirisha, kina umeme wake. Mwenye duka ana mashine ya sindano sita, haina mtu wa kuichorea."

"Unaniacha?"

"Nyumba siihami. Wewe ni mume wangu, huyu ni mtoto wetu, kitanda ni kile kile. Kazi ndiyo naihama."

"Kwa hiyo ungeondoka tu? Kimyakimya, na flashi mfukoni?"

"Ningeondoka Jumatano ile. Niliporudi kliniki nilikuwa nakuja kusema. Nikakuta msiba. Nikaona nikisema siku hiyo, mtasema nimechoma nyumba ndipo nikahama."

Nikasogea. Nikataka kumwambia aende. Nikataka kumwambia asiende. Mwanangu upande huu, kiganja juu ya flashi upande ule, nami katikati na miwani yangu imejaa ukungu.

"Basi mwanangu," nikasema, "mbona hukusema jana? Mbona hukusema juzi? Nani kakushika?"

Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, macho yake yakajaa.

"Wewe," akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba, mama. Kile chumba kina viti viwili. Sitaki kwenda peke yangu. Nataka twende wote, ukae kwenye kompyuta pembeni yangu, umalize kujifunza kuchora."